Nani Ataitika Jina la Kobelo

Kazi ya Rajabu imekubaliwa! Mwanahawa, mdogo wangu, imeingia kwenye kiini chenyewe cha mfumo unaoendesha makompyuta huku duniani, na jina la mwanangu limeandikwa humo, mtoto wa Kinole! Na la pili, kubwa kuliko hilo: amekubali kulirithi jina la kaka Kobelo.

Sasa salamu. Nimetanguliza habari maana zilikuwa zinanikaba. Shikamoo yako nimeshaipokea, marahaba. Hujambo na magoti yako? Mvua imeshuka huko mlimani, migomba imesimama? Mimi huku Ujerumani mzima, ila baridi inaingia hadi kwenye meno. Nikikaa dirishani natafuta milima, siioni. Nchi yote imelala kama chapati.

Unakumbuka baada ya arobaini ya kaka, ukoo ulipomchagua Rajabu akalie mkeka apewe jina, naye akakataa kwa simu. Mkeka ukakunjwa bila mtu. Mkasema ana kiburi cha Ulaya. Si kiburi, mdogo wangu, alikuwa ananionea huruma mimi. Aliniambia, "Mama, nikiwa Kobelo utaniita kaka. Mwanao atakuwa nani?" Ndivyo ilivyo kwetu: jina la mjomba huenda kwa mpwa wake, na aliyerithi jina ndiye mwenyewe, hata watoto wa marehemu humwita baba.

Lakini jina lisilo na mtu halitulii. Tangu nije kukaa kwa Rajabu namsikia kaka. Unajua yule hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alikuwa anasafisha koo mara mbili mlangoni, kisha huyo ndani. Basi huku ghorofani, mchana kweupe, nasikia koo linasafishwa ukumbini. Naenda kutazama, hakuna mtu. Viatu tu. Nikanyamaza, nisije nikaambiwa nimeanza kuzeeka kichwa. Mpaka siku moja namenya viazi, Rajabu yuko chumbani na kompyuta yake, nikasikia anaitika: "Naam!" Akatoka.

"Nani kakuita?" nikamwuliza.

"Si wewe, mama?"

"Mimi sijafungua mdomo."

Akanitazama sana. "Umeniita Kobelo."

Nikaweka kisu chini.

Tukakaa, nikamweleza yote niliyokuwa nikiyasikia. Hakucheka, na unamjua alivyo mtu wa kunicheka. Akasema hilo linafanana na kazi yake, akanieleza, nami nikaielewa, mimi wa darasa la saba, waambie! Ndani ya kompyuta moja kubwa huwekwa kompyuta nyingine nyingi zisizo na mwili, wenyewe huziita mashine pepe. Kila moja ina namba ya kuitwa. Ile kubwa imegawanywa vyumba, lakini namba zilikuwa za nyumba nzima. Wa chumba hiki akiita, aliweza kuitikiwa na mgeni wa chumba kingine kabisa, na vyumba viwili havikuweza kutumia namba moja. Mwanangu ndiye aliyefanya kila chumba kiwe na namba zake. Namba ile ile ikiwa huku na kule, ukiita, anaitika wa chumbani kwako tu. Anayetaka kubaki na mtindo wa zamani anaachiwa. Wakubwa wa kazi hiyo, waliotapakaa nchi mbalimbali, walikuwa wanamrudishia kila mara, rekebisha hapa, rekebisha pale, hadi nikawachukia bila kuwajua.

"Basi na wewe fanya hivyo," nikamwambia. "Kwenye ukoo uwe Kobelo. Humu ndani uwe Rajabu wangu."

"Mama, watu si kompyuta."

"Na aliyekuita leo, ni kompyuta?"

Baadaye akasema polepole, "Lakini chumba kikishachaguliwa mtindo wake, wa zamani au mpya, hakirudi nyuma. Ukishaniita kaka mbele ya watu, ndiyo basi tena. Hutaogopa?"

"Niogope nini, kaka yangu mwenyewe?" Nilisema hivyo huku nimerudia kumenya kiazi kilichokwisha menywa.

"Haya. Nitakaa mkekani."

Tangu hapo ukumbi umenyamaza. Ungedhani nimefurahi. Jana Rajabu karudi kutoka kazini, akasimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, anatazama ndani kama mwenye nyumba aliyesafiri siku nyingi. Nikaita, "Rajabu!" Akachelewa kuitika. Kidogo tu, Mwanahawa, lakini alichelewa.

Hata hivyo siwezi kumwacha kaka azurure ukumbini kwa watu, akitafuta mlango wa kwao. Msalimie mjomba wetu mkubwa, mwambie tunakuja, panga la marehemu na kofia yake, atakavyokabidhiwa mrithi, vitolewe juani. Wifi yetu, mjane wa kaka, mpe pole yangu, asianze kulia tukiwa bado tunashuka garini. Mwalimu wa madrasa aambiwe kisomo kitatangulia, mila zitafuata, asinune. Na jirani yako aliyesema mwanangu kaenda Ulaya kuchezea kompyuta, huyo msalimie kwa sauti, watu wasikie.

Siku hiyo ya mkeka nitamwita Rajabu kaka, nimeshajizoeza mdomoni. Ila wewe, nakuomba, usiache kuniita kama ulivyozoea.

Ni mimi dada yako, bado Mama Rajabu. Asikose mtu wa ukoo, wa Mafiga hata wa Ngerengere, wote Kinole, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi Kubwa.