Nusu ya Chini ya Skrini

Jumapili, Kasulu

Kumbe sikuwa nasingizia! Fundi alipoifungua monita leo asubuhi, alikuta taa ya mrija inayomulika skrini kutoka upande wa chini imekufa. Ndiyo maana kwenye gemu la magari, tunapogawana skrini wawili, nusu yangu ya chini ilikuwa giza, nikawa naparamia kila kona.

Ametoa mirija yote miwili, akaweka mikanda ya LED. Rangi nyeusi bado ina ukijivu, lakini mwanga umeenea kote.

Nilihofu wifi yangu Esperansi, ninayecheza naye, hatakuja tena kutoka Kibondo. Mara ya mwisho tuliachana kwa maneno, nilipoilaumu skrini kwa kushindwa kwangu.

Amekuja. "Nisamehe, wifi. Nilidhani unatafuta visingizio."

Amenishinda mara tatu, nikamshinda mara moja. Hiyo moja nimeiona yote, mpaka kona ya mwisho.