Mama Mkwe Upande wa Kulia

Jumamosi, 3 Juni 2006. Kitale.
Mipira arobaini ya gofu kwa fimbo ya chuma namba saba. Thelathini imekwenda kulia. Mitano haikwenda popote, nimechimba udongo tu. Mitano ikanyooka vizuri na sijui kwa nini. Nimekaza mikono mpaka nimepata lengelenge.

Halafu nikasoma karatasi ya mashindano ya Jumamosi ijayo, ukutani pale klabuni. Kundi la tatu: mimi, Hamisi muuza vitambaa wa karibu na msikiti, na Mama Mkwe. Nimesoma mara tatu. Haikubadilika.

Kwetu Wabukusu mtu hampi mama mkwe wake mkono. Hawaketi pamoja, hawatazamani usoni. Sasa tutembee mashimo tisa! Kapteni wa klabu si wa kwetu. Nilipomweleza alicheka.

Jumapili, 4 Juni. Bungoma.
Mke wangu Nafula amempigia mama yake simu. Nilitumaini mama atajitoa. Wapi! Amekuwa nesi miaka mingi, haogopi kitu. Amesema uwanja ni mpana. Mimi nitembee kushoto, yeye atatembea kulia, na heshima itabaki.

Kulia. Huko huko mipira yangu inakokwenda.

Nimemwomba mke wangu amwambie mama abadilishe upande. Amecheka mpaka akakaa chini. Ati amwambie nini, kwamba mpira wa mkwe wake hauna adabu? Amekataa. Nikijitoa ni dharau. Nikimgonga, nimekwisha. Wazee watakaa kikao kijijini kwetu Matulo, na boma la wakwe sitalikanyaga tena. Hakuna aliyewahi kumpiga mama mkwe, hata kwa bahati mbaya. Nitakuwa wa kwanza.

Jumatano, 7 Juni. Matulo.
Nimefunga karakana mapema. Mashine ya kusagia posho ya watu imebaki wazi, haijatengenezwa, itangoja. Nimekuja kwa kaka kupiga mipira malishoni.

Nimelenga kushoto makusudi ili mpira urudi katikati. Haukurudi. Umeingia kwenye sukuma wiki ya shemeji. Nikalenga katikati, ukaenda kulia. Tena kulia. Tena. Ng'ombe wameelewa, wamehamia wote nyuma yangu. Nimekasirika, nimecheka, nimekasirika tena.

Ijumaa, 9 Juni.
Naogopa. Basi, nimesema.

Jumamosi, 10 Juni. Kitale.
Asubuhi safi, umande mwingi. Mama Mkwe amekuja na sketi ndefu, kofia, na mwavuli. Amesimama kulia, mbali. Nimeangalia viatu vyangu. Hamisi katikati, anafurahia kama yuko arusini.

Mama Mkwe anapiga bila haraka na mpira unakwenda sawasawa kama mstari wa mahindi. Kila mara. Nimeona wivu.

Shimo la kwanza na la pili nimetumia fimbo ndefu na Mungu. La tatu lilitaka chuma. Nikakaza. Nikamwangalia kwa pembe ya jicho, nikapiga. Kulia! Mpira umepita kando ya mwavuli wake, hatua moja tu. Nilitaka ardhi inimeze.

Hakukimbia. Alimwita Hamisi, lakini kwa sauti ya wodini, hata mimi nikasikia.

"Mwambie huyo mtu, hiyo si spana. Alegeze mikono. Na awache kuniangalia. Mpira uko chini, si kwangu."

Hamisi akaja mbio. "Sasa bana, umeskia mwenyewe ama nirudie?"

Shimo la nne, chuma tena. Mama Mkwe akatembea mbele, akasimama kulia, mahali hasa mpira wangu ungeanguka. Akafunga mwavuli. Akatuma neno: yuko hapo na hatoki.

Nimekasirika kweli. Huyu mama ana wazimu? Lakini nikilegeza... Nikalegeza mpaka nikahisi fimbo itaniponyoka. Nikaangalia mpira tu, ule uchafu wake, lile jani kando yake. Nikapiga.

Ulinyooka. Ukaanguka mbele ya bendera. Hamisi alipiga kelele hadi kundi la nyuma likaja kuuliza kuna nini.

Mashimo matano yaliyobaki, chuma kila mahali, na hakuna mpira uliokwenda kulia. Mmoja ulikuwa mfupi. Sijali. Tumekuwa wa sita. Nimeimba njia nzima hadi Bungoma, na siimbi vizuri.

Jumapili, 11 Juni. Bungoma.
Mvua. Nafula yuko kanisani, nimebaki na chai.

Jana niliacha jambo moja. Sikusahau, sikujua namna ya kuliandika. Mchezo ukiisha watu huvua kofia wakapeana mikono. Mimi nikavua kofia nikabaki pale pale, mbali. Mama Mkwe akavua glavu. Akampa Hamisi mkono, akaushika kwa muda, akamwambia aupeleke mkono huo kwa yule kijana wake.

Hamisi hakutania. Alivuka nyasi zote zile akanipa mkono. Ulikuwa bado na joto.