Upande wa Pili wa Santuri ya Shija

Jumatano, 2 Juni 1976
Wote wanaisimulia vibaya. Hotelini kwa Salum wanasema nyimbo za santuri yangu nilipewa na jini ndotoni. Wengine eti nilifuata dawa kwa mganga Ushetu, gitaa likaanza kuunguruma lenyewe. Waongo, na hata kudanganya hawajui.

Nimeamka, nimekunywa uji, nimechonga penseli. Mwalimu wa kisomo alisema mtu mzima asipoandika kila siku, herufi zinamkimbia. Haya, nazifunga kamba hapa.

Ukweli ninao mimi. Shija, mtoto wa shangazi yangu, alifia shimoni huko Geita, kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu waliyoyaacha wazungu. Yeye chini anachimba, mimi juu nimeshika kamba. Ukuta ukashuka. Nyimbo zote sita zinamlilia yeye. Hata neno lake la mwisho limo, kwenye wimbo wa tatu. Hakuna mwingine aliyekuwepo. Kwa hiyo wafunge midomo.

Ijumaa, 4 Juni
Gazeti limefika na basi. Salum kaja nalo mbio, kanzu kaishika mkononi kama mwali anayevuka mto. Nimesoma mwenyewe, kidole chini ya neno, mpaka chai ikapoa.

Bwana wa gazeti anasema santuri ni giza tupu. Hakuna wimbo wa kuchezeka. Sauti yangu kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Halafu anasema gitaa linakwaruza kwa ufundi wa ajabu, mtindo wa Wamarekani weusi.

Nimecheka mpaka kikohozi. Ufundi gani? Panya walitafuna spika! Ule mwendo wa pole ndiyo, niliuiba kwenye santuri za padri mmoja, nilipokuwa namfyatulia matofali. Lakini mkwaruzo ni wa panya. Wapewe sifa zao.

Nimekata kile kipande, nimekibandika ukutani kwa ugali. Mpigaji bora kuanzia Kahama mpaka ziwani ni mimi, gazeti lipende lisipende. Nikageuka nimwonyeshe mtu. Hakuna mtu. Mpiga ngoma wetu analima tumbaku. Wa besi alipanda basi, basi.

Jumapili, 6 Juni
Redioni wamepiga wimbo wa kwanza. Nusu. Mtangazaji akainua sindano, akasema, "Jamani, leo Jumapili, tusilizane." Akaweka rumba.

Hoteli nzima ikacheka. Nikacheka kuliko wote. Ndiyo kazi yangu.

Nyumbani nimekaa na gitaa mapajani. Sikulipiga. Nina viti vinne. Nakalia kimoja.

Jumanne, 8 Juni
Gazeti halijui jambo moja. Kwetu binamu ni mtani, na mtani halii msibani. Tulipomzika Shija kwao Ushirombo, watu wanalia, mimi nilivaa koti lake. Nikatembea kama yeye, bega moja juu. Nikatangaza kwamba huyu hajafa, anakwepa kuvuna mpunga tu, mchapeni fimbo aamke. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Nilifanya vizuri. Hajazaliwa mtani wa kunipita.

Ila machozi yangu mimi hayakupata zamu. Yakangoja mwaka mzima, yakatokea kwenye santuri.

Sasa wazee wa ukoo wananisema. Mtani gani huyu analia? Tena analia nchi nzima ikisikia! Giza haliwasumbui. Kosa langu ni kulia.

Na Mama Kabula, mjane wa Shija, kanyamaza. Tangu santuri itoke, hata salamu. Gazeti naliweza. Redio naiweza. Wazee nitawatania mpaka wachoke. Ukimya wa yule mama siuwezi.

Alhamisi, 10 Juni
Ujumbe umekuja kwa dereva wa basi. Mama Kabula analeta mchele mjini Jumamosi. Anataka kuisikia santuri kwa masikio yake.

Naogopa. Nimefagia nyumba mara mbili na hata haji nyumbani. Akisema niivunje, naivunja.

Jumamosi, 12 Juni
Amekuja hotelini kwa Salum. Amekonda.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mchele unauza, au unautazama tu? Mbona mifupa imekutangulia?"

Hakucheka. Salum akatoa gramafoni yake ya betri, akaiweka juu ya meza. Mlevi mmoja akapaza sauti, "Mzee, tupigie na sisi tuzikwe!" Salum akamtoa nje kwa shingo.

Mama Kabula akasikiliza, khanga mdomoni. Wimbo wa kwanza. Wa pili. Ukaja wa tatu, pale Shija anaita kutoka chini: mwambieni Mama Kabula, nakuja. Nikaangalia chini kama mwizi.

Sindano ikafika mwisho, ikawa inakwaruza tu. Hakuna aliyeinyanyua.

"Shemeji. Hilo neno la shimoni. Alilisema?"

"Alilisema. Nilisikia kwa masikio haya."

Akanitazama sana. "Siku ya mazishi ulivaa koti lake ukatuchekesha. Nilikuchukia. Nikasema huyu ndiye aliyeshika kamba, na hana hata chozi." Akajifuta uso. "Kumbe uliyaweka huku."

Nikatafuta utani. Sikuupata hata mmoja.

"Geuza upande wa pili," akasema.

Tukasikiliza wote. Alipoinuka akasema, "Wazee niachie mimi." Nikampa santuri. Nilikuwa nayo hiyo moja tu. Hana gramafoni. Akaifunga kwenye khanga, akapanda nayo basi ameipakata kama mtoto.

Jumapili, 13 Juni
Uji. Penseli. Nje kumetulia, watu wameenda kanisani.

Kile kipande cha gazeti panya wamekila usiku, kwa ajili ya ugali. Sikukasirika.

Niliyoyaandika hapa yote ni kweli. Koti, spika, matofali ya padri. Kasoro moja. Shija hakusema neno. Kamba ilikuwa nzito mkononi, halafu ikawa nyepesi. Niliita, niliita. Jina la mkewe nililitia mimi.