Panya Hawamgusi Mama Mshonaji

Mshauri mpendwa, nakuandikia kwa sababu kusema kwa sauti siku hizi naogopa. Nina nyumba ya kupangisha, vyumba sita kwenye mstari mmoja, mimi na mke wangu tunakaa cha kwanza, na cha mwisho anakaa mama mshonaji, ambaye marehemu mama yangu alimwahidi kuwa hatahamishwa hadi afe, nami nakitaka chumba hicho kwa mwanangu anayeoa, basi, nisamehe, siku alipokwenda kupeleka nguo za watu niling'oa ubao wa dari yake ili panya washuke wamkere, aondoke mwenyewe.

Panya walishuka kweli, ila kwa wengine wote, wametafuna magodoro, sabuni, hadi cheti changu cha ndoa, na kwake hawagusi kitu, sakafu imejaa vipande vya vitambaa na hakuna hata uzi uliotafunwa, tundu liko wazi juu ya cherehani na yeye anashona chini yake, mlio tunausikia hadi kwetu. Juzi tukila mchana nilimwambia mke wangu, "Yule hata tumletee chatu hatoki." Kesho yake nikampitia, akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, chatu usimlete, panya wananitosha." Mke wangu akaninong'oneza jikoni kwamba anamwonea huruma, na jioni mama akamshukuru kwa huruma yake. Sasa tunaandikiana kwenye karatasi kama mabubu. Je, panya ndio wanaompelekea maneno? Tumwite mganga? Na suti ya harusi ya mwanangu anaishona yeye.

Mwenye nyumba mwenye hofu

Baba mwenye nyumba, mganga mwache apumzike. Cherehani ya chumba cha sita mnaisikia mkiwa cha kwanza. Ulidhani sauti ina njia ya kuja tu, ya kwenda haina? Kuta zako zinaishia darini, huko juu ni uwazi mmoja, na tundu ulilitoboa wewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Pole kwa hofu, lakini aibu ingekufaa zaidi.

Kesho asubuhi panda ngazi urudishe ubao huo, mama mshonaji akikuona, wala usimsingizie fundi. Ziba kwa saruji na wavu wa chuma kila tundu la nje, hasa penye mabomba. Tega mitego vyumba vyote, chakula kikae kwenye ndoo zenye mifuniko. Sumu usiweke, watakufia darini mnuke mwezi mzima. Mwanao atafute chumba kwingine, maana mama yako alikufa, ahadi yake haikufa.

Kwa nini panya hawamgusi, hilo sijui, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba tangu ulipotoboa amesikia kila neno lenu, na bado ameinama anashona, hajawauliza lolote. Nenda ukamtake radhi kabla hajamaliza hiyo suti.