Wali wa Bi Zuhura

Mbagala, Jumapili usiku

Basi hakuja. Nilisimama mlangoni mwa kanisa hadi wimbo wa mwisho, nikimtafuta Bi Zuhura katika kila mtandio uliopita njiani.

Juzi nilipomwalika ibadani, jirani yangu huyu alitabasamu. "Haya mwanangu, nitakuja, inshallah." Nikamwambia mchungaji anayenilea hapa kwamba tayari nimepata mtu.

Leo mchungaji alicheka mpaka akafuta machozi. "Braza, hapo alikukatalia. Huku hatuambiani hapana usoni."

Kwetu Kitale, Kenya, asiyetaka husema hataki. Sasa wote walioniambia "haya" wiki hii...

Niliporudi alasiri, Bi Zuhura aliniita kutoka barazani. Nikamwamkia shikamoo, nikiwa nimenuna kidogo. Kumbe yeye amenuna zaidi.

"Marahaba. Mbona hukuja kula? Tumekungoja wee, mpaka wali umepoa!"

Nikakumbuka. Juzi ile ile naye alinialika chakula cha leo mchana, nikamjibu, "Asante mama, nitakuja." Nilisema kwa adabu tu, nikidhani hata yeye ananialika kwa adabu tu.

Nikala wali wa nazi na samaki huku ananitazama. Kanisa hakulitaja, nami sikuthubutu. Nimekuja nchi ya watu kuhubiri kweli, na nusu ya maneno yao siyaelewi. Yangu nayo siyaamini tena.

Nilipoaga akasema, "Jumapili ijayo uje tena."

Badala ya kusema nitakuja, nikamuuliza ni saa ngapi.