Mafunjo Yaliyohama

Kijiji cha Ujamaa Kabagoro,
Nyamirembe,
Wilaya ya Biharamulo.
Tarehe 2 Desemba, 1979.

Mpendwa wifi yangu Bernadetha,

Shikamoo wifi. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe na shemeji Audax na watoto wote. Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Bado yumo kwenye kukata mkonge, au wamempa ile kazi ya kivulini aliyokuwa akiiomba? Mwambie mtu wa umri wake haoni aibu kukaa kwenye kiti.

Sisi huku tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Mama mkwe yuko Ntobeye, macho yanamsumbua lakini ulimi haujapungua hata kidogo. Kwa habari nilizopata, bado anawagombeza jirani zake kwa kupitisha mbuzi kwenye maharage yake. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa yanakuja siku yanapotaka yenyewe. Vita vimekwisha ila duka la kijiji bado halijapata taarifa.

Barua yako ya mwezi wa saba ilitufikia mwezi wa kumi. Umeuliza kwa nini kaka yako Felisiani haandiki, ukatania kwamba pengine amekusahau kwa kuwa sasa ni mtu wa ziwani, anakula sato asubuhi na jioni. Utani huo nilimsomea, hakucheka. Ndiyo maana nimeshika kalamu mwenyewe, kwa mwandiko huu wa kisomo cha watu wazima ambao mwalimu wetu anasema unapanda mlima. Nivumilie, maana habari yenyewe ni ndefu na haifurahishi.

Unamjua kaka yako na ndoana. Pale Ruvubu alikuwa akishika mshipi kwa vidole viwili tu, macho ameyafumba, anakuambia huyu anayegusa ni kambare, huyu ni ningu, na huyu ni kaa anayekula chambo bure. Wengine walidhani ana dawa. Hakuwa na dawa yoyote, alikuwa na baba yenu, Mungu amrehemu, aliyemfundisha.

Tulipohamishiwa barabarani mwaka ule wa sabini na nne, mto ukawa mbali. Kengele ya shamba la pamoja inagongwa, miguu ya kaka yako imeshashika njia ya mtoni. Mwenyekiti alimwita mtoro mbele ya mkutano. Basi kaka yangu wa Nyamahanga alipotuletea habari kwamba huku ziwani kuna kijiji kinachotafuta wavuvi, Felisiani hakulala, alianza kufunga mizigo. Alisema maji ni maji. Mimi mtoto wa wakulima, ziwa nililokuwa nimelisikia kwa masikio tu, ningembishia nini?

Siku yake ya kwanza aliingia ziwani na upondo. Wifi, ule upondo mrefu wa kusukumia mtumbwi mtoni, alioubeba kutoka Ngara juu ya lori kama bendera. Aliposukuma mara ya pili haukugusa chini, na yeye nusura aufuate. Watu wa ufukoni walicheka mpaka wakakaa kwenye mchanga. Halafu wakamwambia kwamba kwao ndoana ni mchezo wa watoto, na kwamba mtu mzima anavua kwa wavu. Hilo la pili lilimuuma kuliko kucheka kwao.

Aliyemwokoa ni Shibuda. Huyu alikuwa Msukuma aliyehamia hapa kutoka upande wa Shinyanga, mdogo kwa kaka yako, ndiye kiongozi wa kikundi cha uvuvi cha kijiji. Alikuwa na subira ya kushangaza. Alimfundisha kaka yako kushona wavu uliochanika, kufunga mawe chini na maboya juu, kutega jioni na kutegua asubuhi, kuvuta kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota hadi ufukoni, bila kujikata viganja. Kaka yako alikuwa mwanafunzi mkaidi. Jioni alikuwa akinilalamikia kwamba wavu hausemi na mtu. Samaki wa ndoana unamsikia akija, mnashindana, mmoja anashinda. Samaki wa wavu unamkuta amekwisha kufa, hamkusalimiana hata kidogo. Lakini alijifunza, na baada ya mwaka mmoja Shibuda alikuwa akimwita mzee wa nyavu, naye akawa anajifanya hasikii huku amevimba kichwa.

Kitu kimoja hakukiacha, nacho ni ule mwiko wa nyumba yenu. Wewe unaujua kunizidi: mvuvi haulizwi anakokwenda, wala hasemi alikotega. Akisema, mto unamsikia na samaki wanahama, na pengine yeye mwenyewe harudi. Tangu niolewe kwenu sijawahi kumuuliza. Huku ziwani wenzake ni watu wa kusema tu, kila mmoja anamwambia mwenzake nyavu ziko wapi. Walipomuuliza yeye alinyamaza, na kwa kuheshimu umri wake wakamwacha. Hata Shibuda alicheka tu akasema kila ukoo na mambo yake.

Vilipokuja vita, mwishoni mwa mwaka jana, wakaandikwa mgambo. Shibuda akaenda, na Faustini, na vijana wengine wa kijiji. Kabla hajapanda lori Shibuda aliziacha nyavu za kikundi mikononi mwa kaka yako, na akamwomba amwangalizie mkewe Ng'washi na watoto. Felisiani alirudi nyumbani siku hiyo akitembea wima kama mtu aliyepewa cheo.

Alivua vizuri, wifi, sitamnyima haki yake. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa akirudi na sato wakubwa ambao kikundi hakijawahi kuwaona, na hakuna aliyejua anawatoa wapi. Baadaye ndipo tulipojua. Alikuwa amegundua ukingo wa mafunjo, mbali kidogo, mzito, wenye kivuli kizuri chini yake. Akafanya alivyofanya maisha yake yote pale Ruvubu, ambako mafunjo ndiyo ukingo wenyewe na yamesimama mahali pamoja tangu enzi za babu zenu. Alizifunga nyavu zote kwenye mafunjo yale, kwa fundo la baba yenu lisilofunguka.

Mwezi wa tatu ukaja upepo wa mvua kutoka nchi kavu. Asubuhi alikwenda kutegua, akakuta maji matupu. Alidhani amepotea njia. Alipiga kasia huku na huku mpaka jua likawa la utosini, anautafuta ukingo kama mtu anayetafuta nyumba yake mwenyewe. Aliporudi mikono mitupu na kuwaeleza wenzake, mmoja akamwambia taratibu kwamba ule haukuwa ukingo. Ziwani mafunjo yanakatika, yanaelea kama kisiwa, yanakaa mahali wiki nyingi, halafu upepo ukigeuka yanaondoka. Kila mtu hapa anajua. Wanajua tangu wakinyonya, ndiyo maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ni jambo la kumwambia mtu.

Nyavu nyingine za kununua hazikupatikana. Kila kilichokuwepo nchini kilikuwa kinakwenda mstari wa mbele, na sisi hatukuwa wa kulalamika. Hakuna aliyemtukana kaka yako. Mwenyekiti alisema tu kwamba ni bahati mbaya. Nadhani kama wangemtukana ingekuwa nafuu, kwa maana angepata wa kugombana naye.

Badala yake alitoa ndoana zake kwenye kibuyu alikokuwa amezihifadhi, akakaa juu ya mwamba mbele ya watu wote waliosema ni mchezo wa watoto. Alivua kutwa. Samaki wa kwanza alikuwa wa nyumba ya Ng'washi, kila siku, hata siku tuliyolala na mboga za majani sisi wenyewe. Ng'washi alimwambia aache kujitesa, hakusikia. Alikuwa anamngoja Shibuda. Alitaka kumwambia kwa kinywa chake mwenyewe, uso kwa uso, kabla mtu mwingine hajamwambia. Usiku nilikuwa nikimsikia akijaribu maneno. Mara aanze na salamu, mara aanze na nyavu moja kwa moja, mara aanze na habari za watoto ili mwenzake atulie kwanza. Alikuwa ameniambia wazi kwamba hata akifukuzwa kijijini, akishamwambia Shibuda atapumua.

Mwezi wa nane wakaja watu wa wilaya na mwenyekiti, wakaingia kwa Ng'washi. Shibuda alikuwa amekufa zamani, mwezi wa pili, njiani kuelekea Masaka. Wanasema amezikwa Kaboya pamoja na wenzake. Wifi, miezi yote ile kaka yako anatafuta maneno, hapakuwa na wa kuambiwa. Siku aliyokuwa anayatafuta mafunjo ziwani, mwenzake alikuwa ameshazikwa.

Aliziweka ndoana chini. Alilima, alikwenda shamba la pamoja bila kugombana, alikuwa raia mwema kama mwenyekiti wa Ntobeye alivyokuwa akimtaka, na mimi nilikuwa namtazama moyo unaniuma.

Halafu mwezi wa kumi Faustini akarudi. Alijeruhiwa paja, alikuwa amelazwa Mwanza muda wote huo. Alipopata nguvu ya kutembea na mkongojo alikuja kwetu, nikamwekea chai isiyo na sukari, akasema ana ujumbe kwa mzee kutoka kwa Shibuda. Kaka yako akaweka kikombe chini.

Faustini alieleza kwamba walipofika Mto Kagera, wanangoja zamu ya kuvuka, kilipita kipande cha mafunjo kinaelea na maji. Shibuda akajipiga paji la uso. Akasema, "Aisee Faustini, nimesahau kumwambia yule mzee. Mafunjo ya kule ziwani yanatembea. Yeye ni mtu wa mto, atayaamini. Ukitangulia kurudi mwambie asifunge kitu pale." Wenzao wakamcheka kwamba watu wako vitani, yeye anawaza nyavu. Akawajibu kwamba nyavu ni nyuzi tu, yeye anamwaza mzee asije akayafuata yakampeleka mbali.

Kaka yako aliuliza hayo yalisemwa mwezi gani. Faustini akasema wa kwanza. Kaka yako akamshukuru, akamsindikiza mpaka njiani akimshika mkono kwa ajili ya mguu wake. Aliporudi alipita nyuma ya nyumba, nikamsikia akilia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku tulipomzika baba yenu. Sikumfuata. Siku hizi nafikiri ningemfuata.

Ng'washi ameondoka wiki iliyopita na watoto, wakwe zake wamekuja kumchukua kurudi Shinyanga. Aliniachia chungu chake cha maziwa. Kaka yako alimpa samaki wakavu wa njiani, akamweleza yote mwanzo hadi mwisho, nyavu, fundo na upepo, ingawa Ng'washi alikuwa anayajua tangu mwezi wa tatu. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema, "Baba, angekusamehe kabla hujamaliza kusema," akapanda lori.

Kwa hiyo wifi nakuomba, mwandikie. Anakusikiliza wewe kuliko padri. Usitaje nyavu. Mwandikie habari za shemeji, mtanie kama mlivyokuwa mkitaniana utotoni, mkumbushe kambare wa baba yenu aliyemvuta kaka yako majini na kaptula mpya.

Sasa ameanza tena kutoka, na ndoana tu, kikundi kikiwa bado kinangoja nyavu za serikali. Lakini ule mwiko wenu ameuacha. Kila asubuhi anasimama mlangoni na kuniambia anakokwenda. "Leo nitakuwa kwenye mwamba wa pili, nyuma ya ule mti ulioanguka. Jua likizidi utosini sijarudi, mwambie Faustini awatume watu upande wa kulia." Njiani akikutana na mtu humweleza pia, hata asiyemuuliza. Miaka yote hii nimeishi na mume nisiyejua yuko wapi mpaka jioni, na nilikuwa napika huku naimba. Sasa najua alipo saa zote, na siwezi kukaa. Namwitikia tu, nasema haya baba, nimesikia. Akishapotea nyuma ya migomba, nabaki pale mlangoni nalirudia rudia jina la mahali alipopataja, nisije nikalisahau.

Msalimie shemeji Audax na mgongo wake. Wasalimie Clotilda na wadogo zake, waambie mke wa mjomba wao wa ziwani anawaombea kila Jumapili. Mama mkwe angekusalimu kama angejua nakuandikia, kwa hiyo pokea salamu zake pia. Mungu awalinde huko mliko, mvua ziwaangukie kwa kiasi, na siku moja atukutanishe tukiwa bado tunatambuana sura.

Ni mimi wifi yako nikupendaye bila kupungua,

Jovina, mke wa Felisiani.