Nilivunja Salongo, Gracien Akaondoka

Mama Adèle mpendwa, naomba unisaidie kabla moyo haujanimaliza. Tuko majirani tisa hapa Kolwezi, na huku kwetu mtu akisema anachimba watu wanafikiria shaba, lakini sisi tunachimba bitcoin kwa mashine, kila mmoja ana yake ndani ya kibanda kimoja, umeme unatoka kwenye turbini yetu ndogo ya mtoni, na kwa kuwa turbini na nyaya ni vya wote tuliweka salongo, kazi ya pamoja ya lazima, kama ile ya kufagia mtaa, ila yetu ni ya mashine: kila Jumamosi asubuhi hadi saa sita mashine zote zinachimbia mfuko wa pamoja, na mfuko huo ndio unamlipa fundi wetu, Gracien.

Gracien ni mchumba wangu, Mama. Alikuwa anahangaika kukamilisha dot, yaani mahari yangu, baba yangu hapunguzi hata mbuzi mmoja, nami nimechoka kungoja, ndipo Jumamosi moja nikaielekeza mashine yangu ichimbie pochi ya simu yangu badala ya mfuko, ili nimwongezee kwa siri, nikawaambia wenzangu ni mbovu. Jirani yangu Blandine akasikia feni inavuma. "We Laure, mashini yako iko mugonjwa na inaimba hivi?" Akacheka, hakunishtaki, lakini Jumamosi iliyofuata ya kwake nayo ikaugua, wengine wakafuata, na baada ya miezi miwili zilibaki tatu tu, mfuko ukakauka, Gracien akakaa bila mshahara mpaka akaniambia, "Laure, mi naenda Kasaji, kule kazi iko. Hapa bote banapenda umeme, hakuna mwenye anataka kulipa." Aliyasema hayo akinishika mkono.

Sasa ni wiki ya saba. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo natoka na unga mikononi, nakuta si yeye. Fulana yake ya kazi sijaifua kwa sababu bado inanuka grisi yake. Turbini inakwamakwama, wenzangu wanataka kuuza mashine. Kila Jumapili akinipigia ananiuliza nani alianza, nami nageuza mazungumzo. Nampenda, namtamani mpaka naumwa. Nimfuate Kasaji, asijue kamwe?

Laure, Kolwezi

Laure binti yangu, pole. Kungoja mtu kunauma, na kwa ile fulana sitakucheka. Lakini kukugombeza nitakugombeza. Umechota mfukoni mwa mwanamume ili umpe zawadi, halafu unashangaa mfuko wake mtupu! Ulichukua kidogo, najua. Na Blandine kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na hukimaliza vilevile.

Kasaji usiende na siri kwenye kapu. Jumapili akipiga, mwambie wewe kabla wengine hawajamwambia. Usiseme "tulikosea". Sema, "Mi njo nilianza." Akikasirika mwache akasirike, akikata simu usimpigie mara kumi.

Pesa zile zote zirudishe kwenye mfuko mbele ya majirani. Baba yako atangoja mbuzi wake. Kisha kubalianeni mashine za Jumamosi zielekezwe kwenye mfuko mbele ya wote, mtu asigeuze yake peke yake, mfuko uonekane kwenye simu ya kila mmoja. Fundi msimwite mpaka mshahara wake uwepo, na wewe hasa usimwite kwa machozi.

Anaweza kurudi kazini asirudi kwako. Hilo siwezi kukuahidi, mwanangu. Jumamosi hii mashine yako ichimbie salongo, na Jumamosi inayofuata, hata kama atakayelipwa nayo hatakuoa.

Mama Adèle